Fosforasi: shambani haitoshi, ziwani imezidi

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, hii spika inakatakata.

Fosforasi wengi mnaijua kwenye mfuko wa mbolea ya DAP tu, lakini mtu mzima anayo mwilini kama gramu 700 hivi, asilimia 85 iko kwenye mifupa na meno, iliyobaki ndo imo kwenye DNA na kwenye ATP inayobeba nguvu ndani ya seli, yaani bila hiyo hata kope hupepesi.

Sasa shida yake. Nitrojeni iko hewani, maharage yanaivuta kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Fosforasi haina njia ya hewani, labda ipeperuke na vumbi, inatoka kwenye mwamba, mvua inaumomonyoa taratiiibu, mmea unachukua, ng'ombe anakula, wewe unakunywa maziwa, na ukishaenda chooni kama haikurudi shambani basi inateremka mtoni, ziwani, inazama kwenye tope, na mpaka tope liwe mwamba na mwamba uinuke tena ni mamilioni ya miaka, nani atasubiri?

Kuna mahali ndege walitusaidia. Kile kilima cha Minjingu kule Manyara zamani kilikuwa kisiwa, Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko la leo, ndege wanavua samaki wanarudi kisiwani wanajisaidia hapohapo, wanafia hapohapo, ndo hayo mawe ya mbolea yanayochimbwa sasa. Msicheke bana, hata Mjerumani Hennig Brand mwaka 1669 pale Hamburg alikuwa anachemsha mikojo atafute dhahabu, akaishia kupata fosforasi inang'aa gizani.

Halafu angalieni Ziwa Victoria. Udongo wa mashambani, maji ya vyooni, vyote vinashukia humo, mwani unanawiri, magugu maji ndo usiseme, mwani ukifa unaoza unamaliza oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Huku juu shamba lilikotoka hilo tope, mahindi machanga yana majani ya zambarau kwa njaa ya fosforasi hiyohiyo!

Mama pale kauliza mbona anaweka mbolea na zambarau haitoki. Mama, udongo wako mwekundu eeh? Una chuma na aluminiamu na tindikali, ukirusha mbolea juujuu fosforasi inanaswa kabla mzizi haujafika. Weka kwenye shimo, karibu na mbegu ila zisigusane, samadi usiache. Na ile mbolea ya mawe ya Minjingu kwako inafaa, tindikali ndo inayoiyeyusha. Wenye udongo wa magadi, nyie msinunue hiyo Minjingu ya unga, itakaa tu bila kuyeyuka.