Mguu Mmoja, Macho Umefumba

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni mazoezi ya usawa wa mwili: Baraka kavua viatu humu studioni, na mimi nimeshika saa.

BARAKA: Soksi pia nimevua, maana ulinitisha.

NEEMA: Simama kwa mguu mmoja, mikono kiunoni. Ule ulioinua usiuegemeze kwenye mwenzake.

BARAKA: Mbona rahisi? Nitakaa hivi mpaka kipindi kiishe.

NEEMA: Fumba macho.

BARAKA: Haya... eh! Eh, eh, meza!

NEEMA: Sekunde 7. Na huyu ndiye anayekimbia kila asubuhi.

BARAKA: Umeniumbua, dada. Kimetokea nini?

NEEMA: Mwili hujua umekaaje kwa habari za macho, za sikio la ndani, na zile zinazotoka kwenye misuli, maungio na nyayo. Ulipofumba macho, mzigo ukabaki kwa hao wengine. Ulihisi kifundo cha mguu kilivyokuwa kinacheza, vidole vinang'ang'ania sakafu?

BARAKA: Mimi nikadhani kutetemeka kule ni udhaifu.

NEEMA: Ndiyo kazi yenyewe! Siku utakayosimama bila kuyumba kabisa, ujue zoezi limeshakuwa jepesi, ongeza.

BARAKA: Naongezaje? Ninunue zile mbao za kusimamia zinazoyumbayumba?

NEEMA: Pesa yako tu. Anza kwa kugeuza kichwa kulia na kushoto ukiwa umesimama hivyo hivyo. Sikio la ndani linapata shughuli. Ukizoea, kanyaga mto. Halafu uwe unarusha mpira ukutani na kuudaka. Kufumba macho kuje mwisho, tena karibu na kitu cha kushika.

BARAKA: Si meza hii.

NEEMA: Si hiyo. Kuhusu muda, mapitio ya tafiti za mazoezi ya usawa kwa vijana wenye afya yaliyotoka 2015 yalipendekeza mara 3 kwa wiki, dakika 11 hadi 15, kwa wiki 11 hadi 12. Kila mkao sekunde 21 hadi 40.

BARAKA: Hizo dakika hata kabla ya kukimbia zinapatikana. Ila niwe mchokozi kidogo: mimi kijana, sianguki ovyo. Ya nini yote haya?

NEEMA: Umewahi kuteguka kifundo?

BARAKA: Cha kulia, mara mbili. Mpirani.

NEEMA: Basi. Kikishateguka mara moja, kuteguka tena ni rahisi zaidi. Uvimbe unashuka, maumivu yanaisha, mtu anarudi uwanjani, kumbe mguu bado unachelewa kujirekebisha ukikanyaga vibaya. Mazoezi haya hupunguza kuteguka upya.

BARAKA: Na nilioyumbia sasa hivi ni huohuo wa kulia!

NEEMA: Nimekuona.

BARAKA: Kwa hiyo nikijifunza kutembea juu ya kamba, nimemaliza?

NEEMA: Hapo ndipo wengi wanapotea. Ukifanya mazoezi ya kamba utakuwa hodari wa kamba. Ujuzi huu hauhami kirahisi kutoka zoezi moja kwenda jingine. Wewe wa mpira na mbio, ruka mbele, tua kwa mguu mmoja, ganda hapo hesabu ya tatu. Goti lisiangukie ndani, liangalie vidole.

BARAKA: Nijaribu?

NEEMA: Subiri nitoe vikombe.

BARAKA: Moja, mbili... ta— aa, nimegusa chini.

NEEMA: Rudia. Na safari hii ruka kidogo zaidi ya hapo, si hatua ya bata.