Nyuki juu ya mlango wa jikoni: tumewatoaje bila moto wala sumu

Haya, watu wa Sikonge, Tabora mjini na popote mlipo, shikamooni wakubwa, wadogo mambo? Leo niko uani kwangu hapa Gayaza, nje kidogo ya Kampala. Tazameni pale juu ya mlango wa jikoni, penye saruji ambayo haijakauka vizuri. Ngoja nivute kamera. Hilo lilikuwa tundu la hewa, na mpaka jana jioni ndani yake walikuwa wamejaa nyuki.

Najua wajomba mnacheka. Mtu wa ukoo wa warina asali, babu zake wametundika mizinga ya magome miomboni, anatafuta wa kumtolea nyuki! Chekeni tu. Wale wa porini unawafuata wewe na moshi wako. Hawa wamekuja kukaa na watoto, na jirani yangu ana mbuzi anamfunga kwenye mwembe hapo nyuma. Binadamu akivamiwa atakimbia. Mbuzi wa kamba hana pa kwenda. Kwa hiyo jana kabla ya lolote tulihamisha mbuzi, mbwa akafungiwa ndani, watoto wakaenda kwa shangazi yao Mukono.

Ushauri wa bure haukukosekana. Dereva wa boda pale kona akasema petroli. Jamani, petroli chini ya paa lenye mbao kavu! Kijana wa dukani akaja na dawa ya mbu ya kupuliza. Mama mwenye nyumba, huyo nampenda kwa uchumi wake, akaniambia, "Ssebo (yaani bwana), ziba tu na simenti." Ukiziba wakiwa ndani watatafuta njia nyingine, na usiku njia hiyo mara nyingi ni ufa wa dari juu ya kitanda chako, maana wanafuata taa.

Lakini kubwa ni hiyo ya sumu, kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Nyuki wanakufa, watu wanapiga makofi. Masega yamebaki ndani. Nyuki wakiwa hai hulifanyia kazi joto la nyumba yao: kwenye majana, yaani watoto wa nyuki, hukaa kama nyuzi 35, na jua likizidi wanapepea kwa mabawa. Jana niliweka kiganja ukutani, kwa ndani, nikasikia vuguvugu mahali palepale walipo, pengine pote ni baridi. Wakifa hakuna wa kupepea. Nta inalainika chini ya bati, masega yanaanguka, asali inachuruzika kwenye dari, majana yanaoza. Siafu wanakuja, panya wanakuja. Na nyuki wa jirani wanakuja kuiba asali yenye sumu wanaipeleka kwao. Umeua kundi moja, shida zako zimeanza.

Basi tukamwita mfugaji nyuki. Hapa wapo, wana hata muungano wao wa taifa, TUNADO, na wilayani kuna afisa wa wadudu wa kukuelekeza. Huko nyumbani ulizeni kwa afisa nyuki wa wilaya. Fundi alikuja jua likielekea kuzama, na mavazi kamili na bomba la moshi. Akapuliza kidogo, akasubiri. Akapanua tundu kwa patasi, taratibu, maana kugongagonga kunawachokoza.

Masega alikata moja moja. Ya asali kwenye ndoo, yenye majana akayafunga kwa kamba za mgomba kwenye vibao vya mzinga wa KTB, ule wa Kenya ambao masega huning'inia kwenye vibao vya juu, ndugu wa TBH ya kwetu Tanzania. Kisha malkia: akamnasa kwenye kiberiti alichokitoboa vitundu, akamweka ndani ya mzinga. Baada ya hapo, aisee, nyuki walijipanga mlangoni mwa mzinga mikia juu, wanapepea, wanawaita wenzao kwa harufu. Waliobaki ukutani wakaanza kuteremka wenyewe. Mzinga ukaachwa pale mpaka giza ili wa shambani nao warudi, ndipo ukafungwa ukapelekwa Luweero. Ukiwapeleka karibu, chini ya kilomita 5 hivi, wengi watarudi kwenye ukuta wako.

Taa tuliyotumia ilikuwa nyekundu. Nyekundu hawaioni, tochi nyeupe wanaipanda mpaka mkononi.

Mimi nilichomwa mara moja, shingoni. Sindano inabaki ikiendelea kusukuma sumu, kwa hiyo ikwangue upesi kwa ukucha, usipoteze muda kutafuta kibano. Na inatoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, kwa hiyo ondoka hapo. Wakija wengi, funika uso, kimbilia ndani au kwenye gari. Usirukie bwawani, watakusubiri juu ya maji. Ukiona midomo au ulimi unavimba, pumzi inabana, au mtu anazirai, hata kama ni sindano moja, hospitali saa hiyohiyo. Mtoto aliyechomwa mara nyingi vilevile, hata kama anacheza.

Leo asubuhi tumekwangua nta yote, tukasugua kwa maji ya sabuni, tukajaza tundu. Harufu ya nta ikibaki, msimu wa maua ukirudi kundi jingine litaingia palepale. Matundu mengine ya hewa tunayawekea wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 3.

Bei mpatane kabla hajafungua begi. Wengine wanachukua nyuki kama malipo, wengine wanataka usafiri na kazi, na asali igawanywe kwa maneno yanayoeleweka. Yetu, nusu imekwenda na fundi. Nusu nyingine mama mwenye nyumba ameshaipigia hesabu kwamba ukuta ni wake.