Homoni, Ini na Mafuta ya Damu

Ndugu wasikilizaji, nianze na tyubu moja ya damu. Ukiizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu hukaa chini, na juu hubaki majimaji ya manjano, maangavu. Lakini kuna siku mtu wa maabara huinua tyubu akakuta majimaji yale ni meupe kama maziwa. Hayo ni mafuta, trigliseridi, yamejaa damuni hadi yanaonekana kwa macho. Mgonjwa huyo lazima aulizwe: unatumia dawa gani? Kwa maana vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, kwa mtu aliyerithi tabia ya kuwa na trigliseridi nyingi, vinaweza kuzipandisha hadi hapo. Zikivuka miligramu 1,000 kwa desilita, kongosho huwa hatarini kuvimba, na maumivu yake ni makali mno.

Na bado estrojeni hiyohiyo hushusha LDL, ile kolesteroli inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa, na hupandisha HDL, ile inayosaidia kuiondoa kolesteroli kwenye mishipa. Inakuwaje?

Jibu liko kwenye ini. Ukimeza kidonge, damu inayotoka utumboni hukipeleka kwanza kwenye ini, kabla dawa haijasambaa mwilini. Ini hupata dozi nzito kuliko viungo vingine. Huongeza vipokezi vya kuidaka LDL, na wakati huohuo hutengeneza trigliseridi zaidi. Estrojeni ikipitia kwenye ngozi, kwa kiraka au jeli, haianzii kwenye ini: kwa kawaida trigliseridi hazipandi, ila na LDL nayo haishuki kwa kiasi kile. Ndiyo maana mimi husisitiza: jina la homoni peke yake halitoshi, uliza inaingilia wapi.

Upande wa homoni za kiume ni hivyohivyo. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanaume wanyanyua vyuma. Walipotumia vidonge vya stanozololi, dawa iliyoundwa kwa mfano wa homoni ya kiume, miligramu 6 kwa siku kwa wiki sita, HDL yao ilishuka kwa asilimia 33 na LDL ikapanda kwa asilimia 29. Walipochomwa testosteroni, homoni yenyewe ya kiume, miligramu 200 kila wiki, HDL ilishuka kwa asilimia 9 tu. Stanozololi imebadilishwa kikemia ili ini lisiivunje upesi, nayo huchochea kimeng'enya cha ini kinachoimaliza HDL. Vijana wengine wakisikia hivyo hukimbilia sindano. Nawasihi, msifanye hivyo. Dozi zinazotumiwa kujaza misuli mara nyingi huzidi hizo, na madhara yake kwa msuli wa moyo na unene wa damu hayaonekani kwenye kipimo cha kolesteroli.

Hapo ndipo penye jambo linaloniuma zaidi. Kwa miaka mingi sisi wa tiba tuliamini kwamba estrojeni, kwa kuwa inarekebisha kolesteroli, itawakinga na mshtuko wa moyo wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 1998 yakatoka matokeo ya utafiti wa HERS: wanawake 2,763 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, wengine wakipewa estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni nyingine ya kike, projesteroni, wengine vidonge visivyo na dawa. LDL ya waliopewa homoni ilishuka kwa asilimia 11 na HDL ikapanda kwa asilimia 10 kuliko wenzao. Ungetarajia mioyo yao ipone. Baada ya wastani wa miaka minne hakukuwa na tofauti, na katika mwaka wa kwanza waliopata matatizo ya moyo walikuwa wengi zaidi upande wa homoni. Karatasi ya maabara ilipendeza, lakini kidonge kilekile kilikuwa pia kinalichochea ini kuongeza vitu vya kugandisha damu.

Neno moja kuhusu prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe iliyoundwa kwa mfano wa homoni ya tezi zilizo juu ya figo, maana wengi wanaitumia kwa pumu au maumivu ya viungo. Ikitumika muda mrefu hudhoofisha kazi ya insulini, na trigliseridi na LDL zinaweza kupanda. HDL nayo wakati mwingine hupanda. Mwombe daktari akupime mafuta ya damu na sukari. Lakini usiiache ghafla kwa kuogopa kolesteroli: tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala kwa sababu ya dawa, na zinahitaji wiki, pengine miezi, kuamka. Dozi hupunguzwa kidogokidogo, chini ya uangalizi wa daktari.