Nukta zilizokatika tumboni

ZUHURA: Karibuni tena kwenye somo letu la michoro ya nukta. Leo Baraka ameingia studio na fulana mkononi. Hata salamu hajatoa, ameitandika juu ya meza.

BARAKA: Iangalie kwanza, dada. Salamu zipo tu.

ZUHURA: Naiangalia. Nukta zinashuka vizuri kutoka begani, zinapungua, zinapungua… halafu hapa tumboni, kwisha. Kama zimepigwa mkasi.

BARAKA: Kwenye kompyuta zilikuwa zinayeyuka kabisa. Siku tatu nimezipanga! Jumanne naufungua mzigo, fulana zote zina huo mstari. Imeniuma.

ZUHURA: Pole, kaka. Nukta ya mwisho uliipa ukubwa gani?

BARAKA: Ya kwanza milimita 4, ya mwisho 0.1.

ZUHURA: Basi mchapaji hana kosa. Wavu wa kuchapia, ule ambao wino hupenya, wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao hutumika sana kwa fulana, matundu yake ni milimita 0.15 hivi. Nukta ya 0.1 ikiangukia juu ya uzi, wino upite wapi?

BARAKA: Nimeshalielewa hilo, kwa uchungu. Safari nyingine naishia 0.4, halafu safu za mwisho nazichomoa nukta moja moja bila mpangilio, zisikome zote mahali pamoja.

ZUHURA: Hapo sawa. Wasikilizaji, tuliwaahidi njia tatu za kufifisha nukta za haftoni, yaani nukta kubwa na ndogo zinazolifanya jicho lione kivuli: zana ya Blend ya programu ya kuchorea Illustrator, kloni (nakala za umbo moja) za programu ya Inkscape, na efekti ya Color Halftone. Tuanze na Blend. Panga safu wima ya duara kubwa kushoto na safu ya duara ndogo kulia, kila safu iwe grupu moja. Zichague zote mbili, tengeneza Blend, kisha wewe mwenyewe utaje idadi ya hatua za katikati. Usiiachie programu ikuamulie.

BARAKA: Ukiishia hapo, nukta zinasimama kama madirisha ya ghorofa. Izungushe digrii 45.

ZUHURA: Ukiizungusha, hata mwelekeo wa kufifia unazunguka. Mimi nainakili Blend yote, nakala naisogeza nusu nafasi kando na nusu nafasi chini. Mshazari unapatikana na ufifiaji unabaki palepale.

BARAKA: Lakini unajua kwa nini 45? Juzi nimekaa na kioo cha kukuzia juu ya picha ya gazeti, nikasahau hata kulala. Jicho hushika upesi mistari iliyolala na iliyosimama, mshazari linaupita. Ndiyo maana kwenye uchapaji wa rangi nne, ambapo kila rangi ina gridi yake ya nukta yenye pembe yake, nyeusi, rangi inayoonekana kuliko zote, hupewa 45. Samawati 15, majenta 75…

ZUHURA: Na njano sifuri.

BARAKA: Njano sifuri! Nimeitafuta njano usiku kucha. Zile tatu zimeachana digrii 30, muare, yaani yale mawimbi ya gridi zinapopishana, yasijitokeze. Njano imebanwa digrii 15 tu kutoka kwa samawati, na haidhuru, kwa sababu ni hafifu mno.

ZUHURA: Color Halftone yenyewe inakuja na pembe za 108, 162, 90 na 45. Toa 90 kwenye 108 na 162, unapata 18 na 72, karibu kabisa na zile za wachapaji.

BARAKA: Na hiyo 90 ni njano. Gridi ya mraba ukiizungusha 90 inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo ni sifuri ileile. Hii habari ina miaka, dada. Machi 4, 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa haftoni.

ZUHURA: Baraka, somo.

BARAKA: Narudi. Kwa kazi za kioo cha simu, mimi sasa naweka nukta za ukubwa mmoja, juu yake maski ya opasiti, yaani tabaka linalozipunguzia ukolevu. Zinafifia laini.

ZUHURA: Hiyo si haftoni. Hizo ni nukta zilizofunikwa ukungu. Wino haujui kuwepo nusu: upo au haupo. Haftoni ilizaliwa hapo, na ukubwa wa nukta ndio unaobeba kivuli.

BARAKA: Simu haina wino. Kwa nini nibebe shida ya wino mahali usipokuwepo? Nukta za Ben Day, ile mbinu ya uchapaji ya 1879, zilikuwa za ukubwa mmoja, na watu wanazipenda hadi leo.

ZUHURA: Za ukubwa mmoja, ndiyo, lakini kila moja imekolea. Ukizipa opasiti, nukta za mwisho zinakuwa kijivu, na jicho linaona kijivu, halioni nukta.

BARAKA: Jicho langu linaona nukta.

ZUHURA: Na kesho mteja akitaka mchoro uleule kwenye fulana?

BARAKA: Nautengeneza upya.

ZUHURA: Siku tatu nyingine?

BARAKA: Hata nne. Kwenye simu opasiti ni nzuri zaidi, sibadilishi neno.

ZUHURA: Nami sibadilishi. Tumebakiwa na dakika moja, na Inkscape hatujaigusa.

BARAKA: Haraka basi: weka mpito wa nyeusi kwenda nyeupe chini, kloni zisome weusi na weupe wake ili zipate ukubwa, na ugeuze thamani, la sivyo nukta kubwa zitaangukia penye mwanga…

ZUHURA: Tunakatwa. Hiyo na Color Halftone zinangoja wiki ijayo. Fulana niachie, nataka kuipima hapo ilipokatika.