Ikuze Kabla Hujaituma

Wapiga picha wenzangu, asalaam aleikum. Nianze na picha iliyoniuma. Jioni, Forodhani, Unguja: muuza pweza kainama juu ya jiko la mkaa, moshi unapanda, taa inamwangaza shavu moja. Kwenye kioo cha kamera niliiona ya kuuzika kabisa. Wakala wa kuuza picha mtandaoni niliyemtumia akaikataa: ina chenga, vile vidoa vinavyochafua picha.

Niliudhika. Kisha nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza asilimia 100, pikseli (kitone) moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo. Shati jeusi la yule bwana lilijaa vidoa vyekundu na vya kijani, kama mchanga uliomwagwa. Na fokasi, pale picha inapokuwa kali? Ilikuwa kwenye mshikaki, si kwenye jicho.

Mkaguzi wa wakala anaitazama hivyohivyo, maana mnunuzi anaweza kukata kipande tu akakitumia, au akaichapa kwenye bango la barabarani.

Sasa, chenga zile zilitoka wapi? ISO 6400, yaani kamera kuongezewa wepesi wa kupokea mwanga, ilichangia, lakini kosa kubwa ni kwamba niliipiga giza, nikijiambia mwanga nitaupandisha nyumbani. Wengi tunaharibikiwa hapo. Vivuli visipopata mwanga wakati wa kupiga, ukivipandisha baadaye unazipandisha na chenga zake. Mpe mtu mwanga palepale, bila kuunguza sehemu nyeupe zikabaki nyeupe tupu. Tazameni histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kwa sababu usiku kioo cha kamera huonyesha picha inang'aa kuliko ilivyo. Pigeni RAW, faili ghafi la kamera. Kama ni jengo, weka stendi ushuke hadi ISO 100. Na tafadhali, msizifute chenga kwa programu mpaka ngozi ya mtu iwe kama plastiki. Hiyo nayo hukataliwa, na ni haki.

Sisi wa pwani tuna balaa la vumbi pia. Ukipiga mbingu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, vumbi la kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, linatoka kama madoa ya kijivu. Piga ukuta mweupe kwa f/16, ukuze, utayaona. Tumia pampu ya hewa ya mkono, usipulize kwa mdomo: mate yataruka.

Ukubwa hautusumbui, Shutterstock na Adobe Stock, mawakala wa picha mtandaoni, wanataka angalau megapikseli 4, yaani pikseli milioni nne. Ila picha ndogo usiivute iwe kubwa.

Nilirudi Forodhani. Nikasogea upande wa taa, ISO 1600, nikangoja bwana amalize kugeuza mshikaki, maana hapo hutulia kidogo. Fokasi kwenye jicho. Ile ilipita.

Haya, fungueni kompyuta. Kila mtu achague picha yake moja, aikuze, tuanze na macho.