Entangle: Jinsi ya Kunasa Maadui kwa Magugu

Karibuni tena mezani, wapenzi wa kete. Leo ni zamu ya druidi, mchawi wa maumbile, na uchawi ninaoupenda kuliko wote wa ngazi ya 1 katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, sheria za 2014: Entangle. Magugu yanaota, yanashika miguu, maadui wanabaki kama vigingi.

Ramani hii, kila mraba ni futi 5. Vizibo vya soda ndio goblini, maadui wetu, wako sita. Punje ya mahindi ni druidi wetu.

Unatamka maneno, unafanya ishara ya mkono, basi, hakuna dawa ya kutafuta. Unachagua mahali ndani ya futi 90, na eneo ni futi 20 kwa 20, yaani miraba 16. Nimekata karatasi ya kijani kwa kipimo hicho. Naiweka hapa... ngoja, kivuli cha mkono kinaziba. Nisogeze taa. Haya, sasa mnaona.

Kabla hujaiachia karatasi, tazama wenzako wako wapi! Magugu hayajui rafiki. Niliwahi kumnasa mpiganaji wetu, akakaa humo raundi tatu huku mponyaji wetu akipigwa mbele ya macho yake. Tazama wenzako kwanza. Hapa mpiganaji wetu yuko mraba mmoja nje, kwa hiyo salama.

Sasa kila aliyemo ndani anarusha kete ya nguvu, ile ya pande 20. Kiwango cha kushinda ni 8, jumlisha bonasi ya umahiri, jumlisha bonasi ya hekima. Druidi wa daraja la 1 mwenye hekima 16 anapata 8 na 2 na 3, ni 13. Goblini anapunguziwa 1, hivyo anahitaji 14 kwenye kete. Turushe: 6, amenaswa. 11, amenaswa. 17, huyu kapona. 3... Imeanguka chini ya meza! Kwangu kete iliyotoka mezani haihesabiki. Tena: 9, amenaswa. 5, amenaswa. Wa mwisho 14, toa 1, inabaki 13. Kapona, maana kufikia kiwango kunatosha.

Wanne hawasogei hata futi moja. Ukiwashambulia unarusha kete mbili unachukua kubwa. Wao wakishambulia wanachukua ndogo. Kujinasua kunawala tendo lao la zamu nzima. Napenda sana hapo.

Wale wawili waliopona wanatembea kwa tabu, kila futi inawagharimu mbili. Na anayeingia baadaye harushi kete ya kunaswa, anapata tabu ya kutembea tu. Meza nyingi zinakosea hapa.

Uchawi unadumu dakika 1, raundi 10, ilimradi umakini wa druidi usikatike. Druidi akiumizwa anarusha kete ya uimara: anahitaji 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo punje yetu inarudi nyuma ya mwamba, hivi. Na usiwashe Faerie Fire, uchawi mwingine wa druidi! Nao unataka umakini, magugu yatanyauka papo hapo.

Zamu ya mpiga mishale. Mwenzetu hayumo kwenye kijani? Nimetazama, hayumo. Analenga kizibo chekundu cha katikati. Kete mbili: 8... na 19.