Andika jibu kabla ya nembo: mhadhara kwa wanaoanza tovuti

(Umetolewa Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, mbele ya mafundi, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa nyuma, mambo? Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo, na upande huu feni inafanya kazi.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu asiyejua lolote anavyoweza kuanzisha tovuti yake na kuikuza. Toeni simu kwanza. Andikeni info.cern.ch, bila www. Ikifunguka, bonyezeni kiungo cha juu kabisa. Mnaona nini? Maandishi meusi kwenye weupe na viungo vya bluu. Hakuna picha hata moja. Hiyo ni nakala ya tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Geneva. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba teknolojia yenyewe ni ya kila mtu, haina malipo. Ukurasa una zaidi ya miaka 30, na umefunguka hapa kwenye Tecno ya huyu dada mara moja, na mtandao wenyewe mnaujua ulivyo leo. Ziko tovuti za mjini hapa zimekula mamilioni, ukizifungua unasubiri mpaka unaghairi.

Sasa, nikikaa na watu wanaoanza, swali la kwanza huwa ni rangi. La pili ni nembo, nani aichore. Maswali hayo yana siku yake. Mimi huwarudishia swali jingine: wateja wako wanakuuliza nini kila siku mpaka umechoka kujibu?

Yuko kaka yangu hapa, fundi friji wa Tabata. Kaka, simama kidogo. Simu ya asubuhi huwa inasemaje? (“Fundi, friji yangu inagandisha juu, chini haipoi. Gesi imeisha?”) Na wewe unamjibuje? (“Si lazima gesi. Kama ni yale mafriji ya no-frost, yanayoyeyusha barafu yenyewe, mara nyingi barafu imeziba nyuma, hewa haishuki. Hita ya kuyeyusha imekufa, au feni haizunguki.”) Asante, kaa. Jamani, ukurasa wa kwanza wa tovuti yake mmeusikia, na umechukua muda mfupi kuliko kuagiza chai. Kichwa cha ukurasa kiwe yale maneno ya mteja yalivyo: “Friji inagandisha juu, chini haipoi.” Kisha anaeleza sababu, mteja ajaribu nini mwenyewe kabla hajapiga simu, kutengeneza kunaanzia shilingi ngapi, na yeye anafika maeneo gani. Asiandike “Karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora.” Hakuna binadamu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi, maziwa yameharibika, akaenda kutafuta kampuni inayoongoza kwa ubora.

Kwa Kiswahili nafasi hiyo iko wazi. Mwenzetu Ndesanjo Macha alianza kuandika mtandaoni kwa Kiswahili mwaka 2004, na mwaka uliofuata Issa Michuzi akaanza kuweka picha na habari zake. Wapo waliowafuata. Lakini tafuteni jibu la tatizo la friji, la cherehani inayoruka nyuzi, la mirathi, la kuku anayetetemeka. Mtakutana na video za Kiingereza na za Kihindi kabla ya kukutana na fundi wa Tabata. Aliye na jibu kwa Kiswahili, lililoandikwa kwa utaratibu, anaingia kwenye mbio ambazo wakimbiaji ni wachache.

Tuje kwenye umiliki. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Ukurasa wa Instagram ni fremu ya kupanga pale Kariakoo. Wateja wapo, tena wengi, na mimi sikwambii uhame. Ila mwenye jengo akibadili masharti, wewe ndiye unayebeba mizigo. Zamani kulikuwa na huduma ya GeoCities, mamilioni ya watu walijenga kurasa zao humo bure. Yahoo waliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 wakaifunga upande wa Marekani. Ambaye hakuwa na nakala yake, kazi ya miaka ilikwenda na maji.

Kwa hiyo nunua jina lako la tovuti, yaani domeini, ile anwani watu wanayoiandika ili wakufikie. Kwetu kuna me.tz kwa ajili ya watu binafsi, co.tz kwa biashara, or.tz kwa taasisi zisizo za faida. Unanunua kwa wasajili walioidhinishwa, na wauzaji wengi wa hapa unawalipa kwa simu, lipa namba kama dukani. Ukitaka .com, bei yake ya kawaida ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Sikilizeni vizuri hapa: fomu ya usajili ijazwe jina lako, simu yako na barua pepe yako. Tunao vijana wa mjini wanaojaza za kwao, wengine kwa hila, wengine kwa uvivu tu. Kijana anahama, anabadili laini, na biashara yako inabaki na jina usiloweza hata kulilipia. Mwambie kwa heshima: “Mdogo wangu, fungua akaunti mbele yangu, nywila naweka mimi.” Akikasirika, umeshajua ulikuwa unashughulika na nani.

Na barua pepe ya usajili isiwe ile inayokaa kwenye domeini hiyo hiyo. Watu hupenda kuandika info@ jina lao, inaonekana rasmi. Domeini ikiisha muda, barua pepe hiyo nayo inazimika. Ilani ya kukumbusha malipo inatumwa kwenye anwani isiyofanya kazi, na nywila mpya ukiiomba inatumwa huko huko. Tumia Gmail ya kawaida. Kwa .com, muda ukipita msajili anaweza kukuvumilia kidogo, kisha kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini inayouma, halafu siku 5 za mwisho, na baada ya hapo yeyote duniani anaweza kuichukua. Lipia miaka miwili mitatu kwa pamoja kama mfuko unaruhusu.

Kuhusu mahali pa kuweka tovuti sitachukua muda. Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, ni bure, na unaweza kuiunganisha na domeini yako bila kuwalipa zaidi. GitHub Pages nayo ni bure kwa mafaili ya HTML, yaani lugha ya alama inayoandikiwa kurasa za tovuti. WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyoanza mwaka 2003, ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, na inafaa ukiwa na kurasa nyingi. Kwa ukurasa mmoja mimi naiona ni mzigo: ina programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, za kusasisha kila mara, na ile usiyoisasisha ndiyo wahalifu wanayopitia. Popote utakapoiweka, baki na nakala kamili kwenye flashi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, zinazotuletea intaneti, zilikatika, mnakumbuka nchi ilivyosota. Aliyekuwa na kila kitu kwenye seva ya nje, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti huko ng'ambo, na hana nakala mkononi, siku zile alikaa anaangalia skrini tu.

Faili la HTML lenyewe ni maandishi ya kawaida. Unafungua Notepad, kichwa cha habari unakifungia ndani ya alama ya h1, kila aya ndani ya alama ya p, basi. Juu kabisa weka lang="sw" ili mashine ijue haya ni maneno ya Kiswahili. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini, na bila alama hiyo inaweza kumsomea Kiswahili chako kwa matamshi ya Kizungu, asielewe kitu. Weka pia ule mstari wa viewport, unaoiambia simu ichore ukurasa kwa upana wa skrini yake. Ukiusahau, simu inajifanya ni kompyuta, inachora ukurasa wa upana wa pikseli 980 hivi kisha inaubana, na mteja analazimika kuvuta herufi kwa vidole viwili. Mteja wa Dar yuko kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Hivyo vidole viwili anavitoa wapi? (Kicheko.)

Majina ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati. Kwenye Windows, Picha1.JPG na picha1.jpg ni kitu kimoja. Seva nyingi zinatumia mfumo mwingine, Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili yasiyojuana. Ndiyo sababu ya kile kilio cha kila siku: “Nyumbani picha ilikuwepo, nimepandisha mtandaoni haipo!”

Picha yenyewe sasa. Simu ya siku hizi inapiga picha ya MB 4. Weka 5, ukurasa una MB 20. Watu 50 wakiufungua, wameteketeza GB 1 ya bando, tena bando lao, siyo lako. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kama JPEG au WebP, mara nyingi kila moja itashuka hadi KB 200 hivi na ni wachache watakaoona tofauti.

Sheria, kwa kifupi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatisha wengi kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza. Zikaja za 2020, na marekebisho mwaka 2022. Fundi anayeeleza kazi yake si gazeti. Lakini ukitaka kurusha habari na matukio, nenda kaulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA wenyewe, pale Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma, kabla hujaanza. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njia nyepesi ya kukaa nayo vizuri ni kutokusanya usichohitaji. Badala ya fomu inayouliza jina, umri na anapoishi, weka kiungo cha WhatsApp: wa.me, alama ya mkwaju (/), 255, kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, kiungo hakifanyi kazi, na mteja atadhani wewe ndiye hupatikani.

Haya, kukua. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni, kwa heshima zote, chema nacho kinakaa gizani mpaka kitembezwe. Kitembeze hivi: mteja akikuuliza swali uliloshalijibu kwenye tovuti, usiandike upya, mtumie kiungo. Kwanza hakikisha umeweka ndani ya faili la HTML alama za og:title na og:image, ndizo WhatsApp inazozisoma ili kuonyesha kichwa na picha pamoja na kiungo. Bila hizo kinaweza kutokea kiungo kitupu, na watu wa magrupu wamejifunza kuogopa viungo vitupu, na ni haki yao. Halafu jisajili Google Search Console, ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea. Utashangaa. Uliandika “jokofu”, wao wanaandika “friji”. Rekebisha, tumia lao. Na ukiona swali ambalo hujalijibu, hilo ndilo ukurasa wako unaofuata. Miezi ya mwanzo wageni watakuwa wewe, mwenzi wako na mdogo wako. Ndivyo ilivyo kwa wote, usiende kununua wafuasi.

Maswali. Mama pale, karibu.

(Mama mmoja wa Mbagala: “Mwanangu, mimi nauza keki. Nani atasoma maandishi? Watu wanataka picha.”)

Shikamoo mama. Picha weka, keki inanunuliwa kwa macho. Lakini ukishaona picha, swali linalofuata ni lipi? (“Keki ya watu hamsini ni kilo ngapi, na nikiagiza leo naipata lini.”) Basi mama, weka hiyo chini ya picha: kilo ngapi kwa watu wangapi, bei, siku za kuagiza, na Kigamboni unapeleka au hupeleki. Utaona simu zitakazobaki ni za wanaotaka kununua, wale wa “bei gani dada” watapungua.

(Kijana: “Kaka, nikiweka matangazo ya Google kwenye tovuti yangu, yatanilipa?”)

Kwa tovuti changa yenye wageni wachache, utapata hela ya vocha, tena kwa kusubiri. Kazi tatu za friji zinalipa zaidi. Achana nayo kwa sasa.

(Dada mwanafunzi: “Kwa nini nisiiambie akili mnemba iniandikie kurasa zote?”)

Ikusaidie kunyoosha HTML, sina ugomvi nayo. Lakini haijui nauli ya kutoka kwako hadi Goba, wala haijasikia yule mteja alivyoelezea mlio wa friji lake. Ukurasa ambao kila mtu anaweza kuutoa kwa kubonyeza, mteja hana sababu ya kuusoma kwako. Andika kwanza kwa maneno yako, hata kwa kurekodi sauti, halafu ikusaidie kupanga.

Basi tusimalize asubuhi kwa maneno. Wenye laptopu njooni meza za mbele, kila mmoja akae na wawili wenye simu. Folda moja, faili moja, liitwe index.html, herufi ndogo zote. Juu yake andika lile swali unaloulizwa kila siku, kama mteja anavyolisema. Napita mezani kwenu.